Kutoka springi ya lori hadi patasi: mwongozo kamili wa kufua, kugumisha na kumalizia zana ya mkono nyumbani

Springi ya lori inayokatika kwenye kona za Kitonga haimalizii kazi yake pale barabarani. Hubadilishwa katika gereji za Ipogolo, Makambako au Uyole, na kile kipande kilichokatika hutupwa kwenye rundo la vyuma chakavu kikisubiri kuuzwa kwa kilo. Kwa mtu mwenye tanuri dogo uani na nyundo iliyokaa vizuri kwenye mpini wake, kipande hicho ni patasi tatu za seremala, na kinachobaki kinatosha kwa kisu kidogo.

Mwongozo huu unafuata patasi moja ya upana wa milimita 25, tangu kuchagua chuma hadi kuitundika ukutani ikiwa imepakwa nta. Nimechagua patasi kwa sababu haina pa kufichia makosa: ikiwa laini inajikunja, ikiwa kavu mno inameguka, na ikiwa haikunyooshwa mgongo haikati tundu lililonyooka hata ikinolewa vipi. Patasi nyingi za kufuliwa nyumbani nilizopata kuzishika zilikuwa zimefuliwa vizuri kabisa, kisha zikaharibiwa baada ya nyundo kuwekwa chini: moto wa kugumishia ulipita kiasi, grenda iliunguza makali, au kutu ya masika ya kwanza ilimaliza kazi iliyobaki. Kwa hiyo habari ya kufua nitaipitia kwa haraka, na muda mrefu zaidi nitautumia kwa yale yanayofuata.

Kuchagua chuma

Si kila chuma hugumishwa. Nondo ya ujenzi, bomba la maji na pembe za mageti kwa kawaida zina kaboni kidogo. Unaweza kuzipasha moto hadi ziwe nyekundu na kuzizamisha mara kumi, zitatoka laini vilevile. Kinachohitajika ni feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha, na springi bapa za magari, zile zinazopangwa tabaka juu ya tabaka, huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6. Tupa kuukuu za kiwanda chenye sifa zina kaboni nyingi zaidi, karibu asilimia 1 au kupita, nazo zinafaa kwa visu vya kuchongea, ingawa zinataka uangalifu mkubwa zaidi katika kugumisha.

Wahunzi wa zamani wa nyanda hizi hawakuwa na bahati hiyo. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo waliyoyaita malungu, na wahunzi wa Kikinga walifua majembe yaliyofika hadi Unyakyusa, lakini chuma kilichotoka katika matanuri ya aina hiyo kilikuwa na kaboni isiyolingana, huku ngumu na huku laini. Sisi tunaokota kando ya barabara chuma ambacho wao wangekithamini kuliko ng'ombe.

Ili kuhakikisha, gusa ukingo wa kipande kwa grenda wakati wa jioni, penye giza kidogo, utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka, isiyo na matawi mengi. Feleji hutoa mistari mifupi zaidi inayopasuka mwishoni kama maua ya nyasi, na kadiri kaboni inavyozidi ndivyo maua hayo yanavyokuwa mengi. Weka nondo na tupa kuukuu pembeni, uziguse zote tatu kwa zamu, na jicho lako litajifunza katika dakika tano.

Springi iliyokatika imechoka, na mara nyingi ina nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, hasa karibu na tundu la katikati na karibu na mahali ilipokatikia. Kata sehemu hizo uzitupe, utumie vipande vya mbali nazo. Kisha safisha kipande, kiloweke kwenye siki usiku kucha na kukisugua asubuhi: ufa, kama upo, utaonekana kama unywele mweusi. Niliwahi kupuuza hatua hii kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba springi ilikuwa mpya, na siku ya kuzamisha patasi kwenye mafuta ikalia mlio mmoja mwembamba, ikatoka ikiwa vipande viwili.

Tahadhari mbili kabla ya moto. Usipashe chuma chochote kilichopakwa zinki, kama bomba la maji au vipande vya bati, kwa sababu moshi wake mweupe huleta homa inayoanza saa chache baadaye kwa baridi, kiu na maumivu ya kifua. Na usitie motoni shokomzoba wala silinda yoyote iliyozibwa, kwani mafuta na gesi vilivyomo ndani hulipuka.

Karakana ndogo inayotosha

Tanuri linaweza kuwa rimu kuukuu la lori lililokandikwa udongo, na bomba linaloleta upepo kutoka chini. Upepo unaweza kutoka kwenye blowa ya umeme au feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na hii ya baiskeli ina faida kwamba upepo wake unautawala kwa mkono. Mkaa wa miti migumu unatosha. Makaa ya mawe ya Kiwira yana joto kali, lakini yanahitaji kwanza kuchomwa hadi moshi wa manjano uishe, la sivyo salfa yake huingia kwenye chuma.

Fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, si lazima iwe ya dukani. Kichwa cha nyundo kubwa ya kilo 8 kilichopachikwa wima kwenye gogo, au kipande kinene cha ekseli ya lori, vinafanya kazi yote iliyomo humu. Wengi hupenda kipande cha reli. Mimi nakushauri ukiache isipokuwa una karatasi za kuonyesha kilikotoka, kwa maana njia ya TAZARA inapita katika mikoa yetu na anayekutwa na kipande chake hana maelezo yatakayomwokoa.

Zaidi ya hapo utahitaji koleo, jiliwa (wengi wetu huiita vaisi), tupa bapa moja kali na nyingine laini, msasa wa namba 80, 120, 240, 400, 800 na 1,200, sumaku ya spika iliyoharibika, miwani ya kazi, viatu vya ngozi vilivyofunika vidole, na ndoo ya chuma yenye mfuniko kwa ajili ya mafuta. Nguo ziwe za pamba. Fulana ya nailoni ikipata cheche huyeyukia ngozini.

Kufua umbo

Kata kwa grenda ukanda wa upana wa milimita 25 na urefu wa milimita 150. Pasha hadi rangi ya chungwa iliyokolea, ufue kwanza mkia utakaoingia kwenye mpini: uwe na pande nne, urefu wa milimita 60, ukipungua taratibu kuelekea nchani. Acha bega dogo pale mkia unapoanzia, kwa maana ndilo litakalozuia chuma kuzama ndani ya mti kila unapogonga. Kisha geuza, ufue upande wa makali upungue kutoka unene wa springi hadi milimita 3 hivi.

Kanuni ni mbili tu. Chuma kikirudi kuwa chekundu cha giza, acha kupiga, maana hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Na kikianza kurusha cheche chenyewe ndani ya moto, kimeungua. Sehemu hiyo haitengenezeki tena, ikate.

Wakati chuma kingali chekundu cha giza, kipitishe burashi ya waya pande zote kwa nguvu. Magamba meusi yanayotoka kirahisi katika dakika hiyo yatakugharimu nusu saa ya tupa yakipoa.

Kutuliza na kulainisha

Nyundo huacha chuma kikiwa na mivutano ndani yake, na chembe zake zikiwa kubwa kwa ajili ya moto mwingi. Patasi inayotoka moja kwa moja kwenye fuawe kwenda kwenye mafuta hupinda au hupasuka. Kwa hiyo ipashe moto polepole hadi sumaku iache kuishika, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, ongeza joto kidogo tu, kisha itundike kwa waya mahali pasipo na upepo ipoe yenyewe hadi iwe nyeusi. Rudia mara tatu, kila mara kwa joto dogo kuliko lililotangulia. Makambako, ambako upepo haupumziki, fanya hivyo ndani ya chumba.

Baada ya mara ya tatu ipashe tena, uizike katikati ya ndoo ya majivu makavu hadi kesho yake. Asubuhi tupa itaiuma kama inavyouma nondo. Isipouma, majivu yalikuwa na unyevu au ndoo ilikuwa ndogo; rudia, kwa sababu kulazimisha ni kuua tupa.

Tupa na msasa

Hapa ndipo patasi inapopata sura yake. Anza na mgongo, ule upande ulio bapa, kwa sababu ndio kipimo cha kila kitu kingine. Funga chuma kwenye jiliwa, sukuma tupa mbele kwa mikono miwili na kuinyanyua wakati wa kurudi. Tupa hukata ikienda, na ikiburutwa kurudi meno yake hufa. Pakaza chaki kwenye meno ili vipande vya chuma visikwame na kuchora mifereji. Kila baada ya muda, weka ukingo wa rula juu ya mgongo na uunyanyue kuelekea dirishani: mwanga ukipenya, hapo bado.

Mbavu zifuate, kisha mteremko wa makali. Mteremko huo usiufikishe kwenye ukali sasa. Acha ukingo wa unene wa milimita 1.5, kwa maana ukingo mwembamba hupata moto haraka kuliko mwili, huungua na hupinda mafutani.

Msasa una nidhamu moja ambayo wengi huikwepa. Ukianza na namba 80 kwa mkondo wa urefu, namba 120 uipitishe kwa mkondo wa upana, na usiiache hadi mikwaruzo ya namba 80 iwe imetoweka yote. Ndipo ugeuze tena mkondo kwa namba 240. Funga msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usiushike kwa vidole, kwani vidole huzungusha kona. Kabla ya kugumisha, 240 inatosha. Kazi hii si ya urembo. Mkwaruzo mzito unaokatiza karibu na makali ni mahali ambapo ufa huanzia wakati wa kuzamisha.

Moto wa kugumisha

Subiri jioni. Chuma kinachoonekana chekundu cha wastani kivulini huonekana cheusi juani, na mtu anayegumisha saa sita mchana huishia kukiunguza bila kujua. Moto uwe wa mkaa mwingi, wenye kina, na upepo mdogo. Lengo ni joto linalolingana, si mwali.

Mafuta ya alizeti, lita 5 au zaidi ndani ya ndoo ya chuma, ndiyo ninayoyapendelea. Yanapatikana kila mahali, na moshi wake ni wa jikoni. Mafuta machafu ya injini hutumiwa na wengi, lakini yana vumbi la metali na masalia ya fueli, na moshi wake si wa kuvutwa na mtu mwenye watoto uani. Maji usiyatumie kwa springi: yanapoza kwa ghafla mno.

Mafuta yenyewe lazima yawe ya uvuguvugu, nyuzi 50 hadi 60. Jambo hili linaonekana la kinyume, lakini mafuta baridi ni mazito, hayazunguki kwa wepesi kukizunguka chuma, na hivyo hupoza polepole kuliko mafuta yaliyopashwa. Nililijifunza Njombe, mwezi Julai, asubuhi yenye sakitu juu ya nyasi: patasi tatu nilizozizamisha mfululizo zilitoka laini, nikalaumu springi, nikalaumu mkaa, hadi nilipotia mkono kwenye ndoo na kukuta mafuta yamekuwa mazito kama uji. Dondosha kipande cha chuma chenye moto ndani ya ndoo, ukoroge, na usubiri hadi ndoo ivumilike kuguswa kwa shida. Wakazi wa Makete na Mufindi walichukulie hili kuwa sharti kuanzia Juni hadi Agosti.

Sasa ingiza patasi, makali yakiwa ndani ya mkaa na mkia nje, ukiigeuza mara kwa mara. Ni milimita 60 za mbele tu zinazohitaji ugumu. Itazame ikipita wekundu wa giza, kisha wekundu wa damu, na kila mara ijaribu kwenye sumaku. Sumaku ikiacha kuishika, irudishe motoni hadi iongeze rangi kidogo, karibu na nyuzi 830 kwa springi nyingi, na uishikilie hapo dakika moja au mbili ili moto uingie ndani sawasawa.

Itoe na kuizamisha bila kusita. Iingie wima, makali yakitangulia, uichezeshe juu na chini. Usiipeleke kushoto na kulia, maana upande unaopata mafuta mapya hupoa kwanza na patasi hupinda kama jani. Hesabu hadi 10 au 15, itoe ikiwa bado yatoa moshi kidogo, uiache ipoe hewani. Mafuta yakishika moto, funika ndoo kwa mfuniko na usubiri. Usimwage maji kamwe juu ya mafuta yanayowaka.

Pitisha tupa kwenye kona ya makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu. Ikiuma, ugumu haukuingia, na mara nyingi sababu ni joto dogo au mafuta baridi. Tuliza chuma tena, kisha urudie.

Kulegeza kwa rangi

Patasi iliyotoka mafutani ni ngumu lakini ni kavu kama kigae, na ikianguka sakafuni yaweza kukatika. Usilale kabla ya kuilegeza, yaani kuipasha tena kwa joto dogo ili ipunguze ukavu huo. Isugue kwa msasa wa 240 hadi uso wake uwe mweupe wa kung'aa, uifute mafuta yote kwa sabuni na majivu, kwa sababu alama ya kidole tu hubadilisha rangi utakazozisoma.

Mwenye oveni yenye kipimo cha kuaminika aiweke kwenye nyuzi 220 kwa saa moja, aiache ipoe, kisha arudie. Sisi wengine tuna njia ya kale. Pasha kipande kinene cha ekseli hadi kiwe chekundu, kiweke juu ya matofali, na ulaze patasi juu yake, sehemu ya bega ikigusa moto na makali yakining'inia nje kwa milimita 50. Weka bakuli la maji karibu na mkono wako wa kulia.

Kwa dakika moja hakuna kinachoonekana. Kisha karibu na bega unatokea ukungu wa njano hafifu, kama majani makavu ya mahindi, na ukiutazama kwa makini unaona kwamba unasogea. Nyuma yake unakuja mkanda wa rangi ya asali, kisha kahawia, kisha zambarau, na mwisho buluu, yote ikitembea kuelekea makali kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya shamba. Njano hafifu ni karibu na nyuzi 220, asali iliyokolea 240, kahawia 260, zambarau 280, na buluu iliyokolea 300. Mikanda ikienda mbio, nyanyua patasi kidogo. Inayokwenda polepole ni mipana zaidi na ndiyo bora.

Rangi ya majani makavu inapofika kwenye makali, na asali changa ikiwa nyuma yake tu, tumbukiza ncha kwenye maji. Kila zana ina rangi yake: tindo ya kukatia chuma huachwa hadi zambarau, shoka vilevile zambarau inayokaribia buluu, na bisibisi buluu kamili, kwa kuwa hizi hupokea mapigo au kusokotwa, na uvumilivu unazifaa kuliko ugumu.

Makali, na jaribio kabla ya mpini

Kwa mteremko wa makali, nyuzi 25 za pembe zinafaa kwa patasi ya kuparia mbao laini, na 30 kwa ile inayogongwa nyundo kwenye mikalitusi iliyokauka. Ukitumia grenda, gusa kwa sekunde mbili na uzamishe ndani ya maji, na usivae glavu kwenye mkono unaoshika chuma, ili ujue kinapopata joto. Ukingo ukigeuka buluu kwa kufumba na kufumbua, ugumu wote uliouhangaikia umeondoka mahali hapo, na dawa ni kusaga hadi upite ile buluu. Ndiyo sababu mimi humalizia kwa mkono: kioo kinene cha dirisha juu ya benchi, msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1,200 juu yake, na patasi ikisukumwa kwa pembe moja isiyobadilika. Sugua hadi uhisi upande wa pili, kwa kidole kinachotoka ndani kwenda nje, uzi mwembamba wa chuma umejikunja urefu wote wa makali. Laza mgongo bapa kabisa kwenye kioo uuondoe, na umalize kwa kuvuta patasi kinyumenyume juu ya kipande cha ngozi.

Jaribu sasa, kabla ya mpini wa kudumu na kabla ya nta, kwa kutumia mpini wa muda. Gonga mara 20 kwenye mti mgumu mkavu, ukikata kukingama nyuzi za mti, kisha uangalie makali dirishani. Yakiwa yamemeguka vipande vidogo, irudishe kwenye ekseli ya moto na uilegeze hadi asali iliyokolea. Yakiwa yamejikunja, ililegezwa kupita kiasi au haikugumishwa vizuri, na kazi inarudi kwenye majivu. Inauma kurudi, lakini inauma zaidi kurudi baada ya mpini kukaa.

Mpini

Mpera hutoa mipini migumu yenye kunepa, na mashina ya mibuni ya zamani yanayong'olewa mashambani Mbozi ni hazina kwa mipini mifupi. Mninga haunywei sana unapokauka, na hivyo haulegei. Paina ya Sao Hill ni nzuri kwa madawati, lakini kwa mpini wa kugongwa haifai. Mti uwe umekauka kivulini kwa miezi kadhaa, ncha zake zikiwa zimepakwa nta ili zisipasuke.

Toboa kwa keekee kwa hatua mbili: tundu jembamba la kina chote, kisha tundu pana zaidi la nusu ya kina. Desturi ya kuingiza mkia ukiwa mwekundu huacha ukuta wa mkaa ndani, na mkaa huo hubomoka ndani ya mwezi mmoja. Ukilazimika, funga makali kwa kitambaa chenye maji, pasha mkia bila kufikia wekundu, na uutumie kwa milimita 10 za mwisho tu. Kabla ya yote, vika mdomo wa mpini pete iliyokatwa kwenye bomba la shaba ili usipasuke.

Kumalizia uso

Chuma kilichofuliwa hakitaki kung'arishwa chote. Mimi huacha alama za nyundo kwenye mwili na kung'arisha mgongo na mteremko tu. Magamba yaliyoshikamana vizuri yana sura yake, nayo huzuia kutu kidogo. Yaliyolegea lazima yaondoke. Loweka katika siki usiku mmoja, sugua kwa burashi ya waya, kisha osha kwa maji yenye magadi ili asidi iliyobaki isiendelee kula, na ukaushe papo hapo kwa kitambaa na moto wa mbali.

Hapa kuna kosa linalofanywa na mafundi waliokwisha kufanya kila kitu sawa. Maelekezo mengi husema chuma kipashwe hadi nta itoe moshi. Kwa bawaba, kulabu na komeo za mlango, sawa kabisa. Kwa patasi iliyolegezwa kwenye nyuzi 220, kupasha kwa kukisia ni kuilegeza mara ya pili. Zana yenye makali ichovye kwenye maji yanayochemka, uikaushe, na uipake mara moja. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na nta ya nyuki huyeyuka kati ya 62 na 64. Joto hilo linayeyusha nta na haliwezi kugusa ugumu wa chuma.

Nta yenyewe naichanganya na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), sehemu 1 kwa 2, nikiyeyusha ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Paka, subiri ipoe, futa yote inayofutika. Matambara yenye linsidi usiyakunje na kuyatupa pembeni: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Yatandaze nje, au yaloweke kwenye maji.

Kwa vitu visivyo na makali, mafuta ya alizeti yaliyopakwa kwa utando mwembamba sana kwenye chuma cha moto, tabaka tatu au nne, kila moja likiachwa liungue hadi likauke, hutoa weusi uleule wa kikaango kilichozoea moto. Tabaka nene hunata milele.

Njia ya tatu ni ya kwetu kwa namna ya pekee. Magome ya miwati, inayopandwa kwa wingi Njombe, yana tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma hutengeneza rangi nyeusi yenye buluu kwa mbali. Chemsha kilo 1 ya magome yaliyopondwa katika lita 4 za maji kwa saa moja, chuja, na upake kwa brashi juu ya chuma kisicho na mafuta hata kidogo. Ni vizuri zaidi kikiwa na vumbi jembamba la kutu, kwa sababu kutu hiyo ndiyo inayogeuka nyeusi. Kiache kikauke, sugua kwa kitambaa, rudia mara tatu, kisha funika kwa nta. Kwa kiango cha taa au komeo la ndani ya nyumba sijaona rangi inayoipita. Kwa geti linalonyeshewa, tumia rangi ya msingi ya kuzuia kutu na rangi ya mafuta juu yake. Hapo tanini pekee haitoshi.

Mahali unapoishi ndipo panapoamua ni mara ngapi utarudia. Iringa mjini, penye ukavu wa miezi mingi, patasi iliyopakwa nta mwezi Mei inaweza kufika Novemba bila alama. Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kuaminika wa kukoma, paka kila mwezi na baada ya kila kazi ya mti mbichi. Usiitunze kwenye ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na chumvi za kutengenezea ngozi hula chuma taratibu. Tundika wazi ukutani, mbali na ukuta wa tofali mbichi, makali yakiwa yamechomekwa kwenye kipande cha mbao kavu kilichopakwa nta ileile.